Tundu la Kumi na Mbili

Watoto wa siku hizi ukiwaambia kwamba kulikuwa na wakati serikali ilitoza watu kodi ya madirisha, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lakini ilikuwa hivyo, jamani, wala si hadithi ya kubembelezea mtoto. Kila dirisha lilikuwa na kodi yake. Watu wakaziba madirisha kwa matofali, wakawa wanapapasana ndani mchana kweupe, na Gavana naye hakuchoka: akaleta kodi ya milango. Sasa mlango utauziba vipi, na wewe uko ndani? Hapo ndipo vijana walipoanza kupanda kilimani.

Magazeti ya Gavana yaliwaita majambazi. Tusidanganyane, baadhi yao walikuwa majambazi kweli, watu walioiba ng'ombe tangu kabla ya kodi yoyote. Lakini walipoanza kuyateka magari ya serikali na kugawa unga mitaani, ikawa vigumu kujua nani mwizi na nani mkombozi, na hakuna aliyejisumbua kuuliza. Waliitwa wa juu. "Wa juu wamepita," mtu alisema, na kila aliyesikia alifunga mdomo wake akaendelea na kazi.

Bibi Fundi aliyakumbuka hayo asubuhi moja akiwa amekaa kwenye kigoda chake, msharasi mkononi, anashona ulimi wa kiatu cha shule uliotafunwa na mbwa. Hakuwa na sababu ya kuyakumbuka. Ilikuwa tabia yake tu: akibaki peke yake karakana, mawazo yalirudi kule kule. Mumewe alikuwa amekwenda kununua ngozi. Mtaa mzima ulimwita Mluzi, maana mzee yule alipiga mluzi tangu anaamka mpaka analala, na wimbo wenyewe ni ule mmoja, nusu wimbo hasa, kwa sababu mwisho wake aliusahau tangu ujana.

Karakana ilikuwa ile ile ya marehemu baba yake. Chumba kimoja, benchi la wateja, dirisha ambalo pembeni yake bado unaona makovu ya matofali, na ukutani rafu ya mbao yenye matundu arobaini. Sasa matundu hayo yalikaa viatu vya wanafunzi na makarani. Zamani yalikaa watu.

Mambo yalikuwa hivi. Kijana akitaka kupanda kilimani, alipitia kwanza kwa baba yake Bibi Fundi na jozi yake nzuri ya viatu. Cha kulia alikiacha nyumbani kwao, au kwa yule atakayemngoja. Cha kushoto kilibaki karakana, na kuanzia siku ile huko juu hakuwa na jina tena, alikuwa na namba ya tundu. Chini ya soli ya ndani aliweka kikaratasi alichoandika kwa mkono wake, kinachoeleza kwao ni wapi. Kilimani hakuna aliyejua kwao mwenzake, kwa hiyo hata askari wakimkamata na kumpiga mpaka aongee, hakuwa na cha kuongea. Akirudi salama, fundi alikitoa kile kikaratasi na kukichoma mbele yake bila kukisoma. Asiporudi, muuza maziwa alikuja asubuhi na ndoo yake, akataja namba. Hapo ndipo fundi alipofunua soli, akasoma, akakipeleka kiatu kikaungane na mwenzake.

Waliokipokea hawakuruhusiwa kulia. Askari walizunguka kutafuta nyumba zenye msiba, na wakiupata, walichukua na wafiwa. Kwa hiyo kiatu kilipokelewa, mlango ukafungwa, majirani hawakujua kitu. Lakini kiatu kikiwa bado kiko tunduni, maana yake ni moja tu: mwenyewe atarudi. Hivyo ndivyo watu walivyoshika roho zao miaka ile.

Mmoja wa askari, Sajini mwenye miguu mikubwa ajabu, alikuwa mteja wao. Alikuwa akikaa kwenye benchi lile lile kusubiri buti zake, mbele ya rafu nzima ya waasi. Siku moja akauliza, "Mbona hivi vyote ni vya kushoto?" Baba hata kichwa hakuinua. "Afande, watu wa mji huu huanza kutembea na mguu wa kushoto. Ndio unaoisha kwanza." Sajini akageuza soli zake akazitazama, akasema ni kweli, hata yeye. Bibi Fundi, wakati huo binti wa miaka ishirini, alilazimika kutoka nje akachekee uani. Mpaka leo akikumbuka hucheka peke yake. Ilikuwa miaka mibaya, na aliipenda, na hakuwahi kupata namna ya kumweleza mtu yeyote jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja.

"Hodi."

"Karibu, mama. Kaa, ila si hapo mwisho, hapo benchi linayumba."

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa rika lake, amevaa koti la kijivu, amekumbatia mfuko wa kitambaa. Hakukaa. Alitoa jozi ya viatu vya kahawia vya kiume, akaiweka mezani. Vilikuwa vya zamani lakini vimetunzwa, vimepakwa rangi juzijuzi. Bibi Fundi alikichukua kimoja ili aangalie kisigino, na kidole chake kikakutana na mishono miwili miwili pembeni na fundo dogo nyuma. Hakuna fundi mwingine aliyefunga fundo lile. Ilikuwa kazi ya baba yake.

"Ulivipata wapi hivi?" aliuliza.

"Kimoja alinipa mwenyewe," alisema yule mwanamke. "Kingine uliniletea wewe."

Bibi Fundi alikitua kiatu polepole. Alimtazama usoni, akaondoa kichwani mwake ile mikunjo na zile mvi, na chini yake akamwona msichana amesimama kwenye mlango wa kijani, anapokea kiatu kwa mikono miwili na kusema ahsante.

Sasa hapa lazima nirudi nyuma kidogo, vinginevyo hutaelewa.

Mwaka ule wa mwisho, askari walimchukua baba wakamweka ndani kwa mahojiano. Binti akabaki peke yake na karakana. Namba ziliandikwa kwenye matundu, si kwenye viatu. Kiatu cha nani kinakaa wapi, baba alijua kwa kichwa. Rafu ile haikuwahi kufutwa vumbi. Baba alikataa kabisa, alisema vumbi ndilo mlinzi wake. Lakini baba hayupo, na binti ni binti. Akavishusha viatu vyote, akavipanga sakafuni kwa mstari, kila kimoja kwa zamu yake, akachukua kitambaa na maji. Alikuwa amefika katikati Sajini alipoingia kuchukua buti. Na ile miguu yake, jamani. Alipita kwenye mstari kama ng'ombe kwenye bustani, akaomba radhi, akaondoka.

Vingine vyote aliweza kuvirudisha, maana kila kimoja kilikuwa na sura yake. Viwili tu vilimshinda, cha kumi na moja na cha kumi na mbili. Baba alivishona mwezi mmoja, ngozi moja, kipimo kimoja, viatu kama mapacha. Kufunua soli ni mwiko, na hata angefunua, yeye hakujua nani anakaa wapi. Angengoja baba atoke. Lakini aliona aibu, baba atasema nilikukataza. Akabahatisha.

Siku ya tatu muuza maziwa akaja. "Kumi na moja," alisema, akamimina maziwa yake, akaenda. Binti akafunua soli. *Mlango wa kijani, mbele ya bomba la maji.* Akakipeleka.

"Nimengoja mpaka nikamwona mumeo ametoka," alisema yule mwanamke. "Yeye sitaki kumwona. Nimekuja kukuuliza wewe swali moja. Siku ile, ulijua?"

"Nilijua nini, mama?"

"Usinifanye mtoto. Niliuma shuka wiki mbili ili majirani wasinisikie. Kisha nikafungasha nikaenda kwa shangazi yangu, mbali, kwa sababu hapa kila mtaa nilimwona yeye. Nikaolewa, sikatai, na mume mwema. Mwaka wa saba nikaja hapa sokoni kununua masufuria. Nikasikia mluzi. Ule ule, unaokatikia katikati. Nikageuka, marehemu wangu huyo, amebeba mtoto mabegani. Nikauliza, nikaambiwa huyo ni mkwe wa fundi viatu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Basi nikapata jibu. Alimpata binti fundi, akamtuma binti fundi huyo huyo aniletee kiatu, nisimngoje tena. Miaka thelathini na minne nimelala na jibu hilo. Sasa nahama, nakwenda kukaa na binti yangu, nyumba imeuzwa. Nimesema kabla sijaondoka nikuulize. Ulijua?"

Neno "sikujua" lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa kweli. Siku ile ya mlango wa kijani hakujua chochote. Angelitamka, mwanamke angechukua mfuko wake akaondoka, na mambo yangekwisha.

"Siku ile sikujua," alisema Bibi Fundi. "Nilijua baadaye. Hakutuma mtu, dada. Hakujua lolote. Ni mimi niliyefuta vumbi."

Akamweleza yote, rafu, kitambaa, Sajini, viatu mapacha. Alieleza vibaya, anaruka na kurudi, kama mtu anayeungama mbele ya mwalimu. Akafika kwenye siku ambayo Gavana alikimbia na vijana wakashuka kilimani wakiimba. Mluzi aliingia karakana na vumbi la safari, anacheka, akasema, "Kumi na mbili." Binti akakitoa kiatu, akatoa kikaratasi, akawasha kiberiti. Kusoma ni mwiko, lakini macho hayana kufuli. *Kwa mama muuza mkaa, nyuma ya kinu.* Na wakati huo huo Mluzi anasema, "Niwekee hicho, nakwenda kugonga mlango wa kijani, tutarudi wote wawili kukichukua." Binti akaelewa. Kiberiti kikamuunguza vidole. Mluzi alikuwa bado hajafika mlangoni, angeweza kumwita. Hakumwita.

Alirudi baada ya saa mbili, midomo imemkauka. Majirani walimwambia msichana alifungasha akaondoka zamani, bila kuaga. "Hakuningoja," alisema. Akakaa kwenye benchi. Kiatu, alisema, kitupe. Kesho yake binti alikipeleka kwa mama muuza mkaa, ambaye mwanawe alikuwa amekufa miezi minne bila yeye kujua. Mama yule alikishika akasema, "Umechelewa, mwanangu," basi. Neno hilo Bibi Fundi bado analisikia akiwa anapika. Aliporudi, Mluzi alikuwa bado kwenye benchi, ameokota nyundo, anagongagonga kisigino cha mtu ili mikono isikae bure. Mwaka uliofuata wakaoana. Baba alitoka kizuizini vumbi likiwa limesharudi, akafa akiamini rafu yake haikuwahi kuguswa.

Yule mwanamke sasa alikaa. Alikaa pale pale penye benchi linaloyumba, likayumba naye.

"Vumbi," alisema.

"Vumbi."

"Nimemchukia mtu maisha mazima kwa sababu ya vumbi." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Na yeye, anasemaje juu yangu?"

Hilo ndilo lililomuuma Bibi Fundi kuliko yote. "Anasema hukumngoja. Hasemi kwa hasira. Siku za mvua tu, akikumbuka ya zamani."

"Mwambie nilingoja."

"Mngoje umwambie mwenyewe. Hachelewi."

"Hapana. Kupeleka habari ilikuwa kazi yenu nyinyi, si ya mwenye nyumba." Alisimama, akafunga vifungo vya koti. "Basi langu linaondoka stendi saa tisa. Sirudi tena huku. Sitaki mtu abaki hapa duniani akisema sikumngoja. Mengine yako, utayajua mwenyewe." Mlangoni aligeuka. "Kikaratasi chake sikukichoma. Kiko mle mle."

Bibi Fundi alibaki na vile viatu. Saa ya ukutani ilisema saba na nusu. Na aliogopa, niwaambie ukweli, aliogopa kuliko siku zote za Gavana. Askari wangemchukua uhai, ambao ukiwa na miaka ishirini hujui thamani yake. Huyu mzee anayekuja na ngozi begani alikuwa anashika miaka arobaini na moja, watoto watatu, na ile namna yake ya kumsogezea kikombe cha chai bila kuangalia. Alifikiria kuvificha chini ya meza. Alivishika hata, akainama navyo.

Akausikia mluzi, kona mbili kabla. Ukaja, ukakatikia katikati kama kawaida. Akaviweka mezani tena.

"Ngozi imepanda bei, mama watoto," alisema Mluzi akitua mzigo. "Nimemwambia yule bwana, kwani ng'ombe huyu alikuwa anasoma? Mbona umenyamaza? Yule mbwa alikula ulimi wa kiatu tu, au na wako?"

Bibi Fundi alichukua kiberiti akakiweka mezani, akavuta kiatu cha kushoto, akaingiza msharasi chini ya soli ya ndani, akaifunua. Kikaratasi kilikuwa na rangi ya chai. Akampa.

Mluzi alikisogeza mbali, akakileta karibu, kama wazee wanavyofanya. Aliujua mwandiko wake. Bibi Fundi aliona midomo yake ikisoma maneno yale bila sauti, mlango wa kijani, mbele ya bomba la maji, na akaanza kusema kabla hajamaliza kusoma, maana alijua akingoja atashindwa. Safari hii alieleza kwa mpangilio. Hakumtupia Sajini lawama. "Alipata kiatu chako, akaambiwa umekufa. Ndiyo maana aliondoka. Alikungoja, mume wangu. Mimi nilijua siku ile ile uliyorudi, kiberiti kikiwa bado mkononi, na nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ulikaa kwenye benchi. Nilitaka uendelee kukaa."

Mluzi alikunja kikaratasi, akakikunjua. Nje mtu alipita anasukuma mkokoteni, wakamngoja apite, kana kwamba haikufaa kuongea na magurudumu yale yanapiga kelele.

"Yuko wapi?"

"Stendi. Basi la saa tisa."

Aliitazama saa. Ilikuwa saa nane kasoro. Kisha akaitazama rafu, kwa muda, tundu kwa tundu. "Baba yako hakuifuta rafu ile hata siku moja," alisema. "Wewe nini kilikupata?"

Hilo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote, hata kwa yule mwanamke. "Muuza maziwa alisema yule anayepiga mluzi huenda akashuka wiki hiyo, buti zake zimetoboka," alisema Bibi Fundi. "Nikataka ukute pasafi."

Uso wa mzee ulipitiwa na mambo mengi ambayo mkewe hakuweza kuyasoma, ingawa uso huo aliujua kuliko wake. Akasimama. Alikwenda kwenye rafu, akakitoa kiatu cha mwanafunzi kilichokuwa ndani ya tundu la kumi na mbili, akakiweka mezani. Akachukua kile cha kahawia cha kushoto, akakiingiza mle taratibu mpaka kisigino kikagusa ubao wa nyuma. Kile cha kulia akakitia kwapani, na kikaratasi akakitia mfukoni.

"Yule naye ana chake," alisema akionyesha kile cha kwapani. "Nilimwachia mwenyewe."

Alifika mlangoni, akasimama na mgongo wake umegeuka. Bibi Fundi alishika meza.

"Usifute vumbi mpaka nirudi," alisema, akatoka.

Safari hii hakupiga mluzi. Nyayo zake zilisikika mpaka kona ya kwanza, kisha kelele za mtaa zikazimeza. Bibi Fundi alirudi kwenye kigoda chake, akaokota kiatu cha shule na uzi, na kile kitambaa cha kufutia vumbi akakikalia.